Boti hazivuki leo: Kwa nini safari ya Zanzibar husimamishwa, na msafiri wa kutoka bara afanye nini

Msikilizaji, tuanze na kosa langu mwenyewe.

Jioni moja ya mwezi Julai nilikuwa studio nikisoma utabiri wa hali ya hewa kama ninavyosoma kila siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilitoa angalizo la upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2 katika ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi. Nikasoma kwa sauti nzuri, nikawataka wavuvi na watumiaji wa bahari wachukue tahadhari, nikaweka muziki.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa juu ya begi nje ya bandari ya Dar es Salaam, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, mdogo wangu wa kiume na mama yetu mzazi. Tulikuwa tunakwenda Unguja. Mama ana zaidi ya miaka 60 na alikuwa hajawahi kuiona bahari. Nilimwahidi kwamba tukiuza mpunga na watoto wakifunga shule, nitampeleka akapumzike siku tatu. Tuliondoka kijijini saa 8 usiku kwa basi dogo hadi Morogoro mjini, tukapanda treni ya SGR ya asubuhi, tukachukua bajaji mbili hadi bandarini. Tiketi za boti ya mchana tulikuwa nazo mkononi.

Mlinzi wa getini akatuambia maneno matatu: "Boti hazivuki leo."

Lile angalizo nililolisoma mwenyewe lilikuwa linanihusu mimi, nami sikujua. Nililichukulia kuwa ni habari ya wavuvi. Naamini wasikilizaji wetu wengi wa huku mashambani hulisikia hivyo hivyo. Makala hii inaeleza kwa nini safari za baharini husimamishwa, nani anaamua, gharama inamwangukia nani, na ufanye nini ili yasikukute yaliyonikuta.

Mbona jua linawaka?

Hilo ndilo swali nililolisikia zaidi siku ile. Anga lilikuwa jeupe, jua kali, bendera zinapepea tu. Abiria mmoja alisema kwa hasira kwamba wanatufanyia makusudi.

Ukweli ni kwamba hali ya bahari huwezi kuipima ukiwa umesimama kwenye lami. Mawimbi hutengenezwa na upepo unaovuma juu ya maji kwa masaa mengi na kwa umbali mrefu. Yanaweza kuzaliwa mbali kabisa, kisha yakasafiri hadi huku ambako jua linawaka na hakuna wingu.

Kuanzia kama mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa, pwani yetu hutawaliwa na upepo wa kusi, unaotoka kusini na kusini-mashariki. Hupata nguvu zaidi katikati ya mwaka. Kaskazi huja baadaye, kuanzia kama Desemba hadi Machi. Watu wa pwani wamepanga maisha yao kwa pepo hizi tangu enzi za majahazi.

Ukitazama ramani, kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni takriban kilomita 70, karibu moja kwa moja kuelekea kaskazini. Boti ya kasi hutumia kama saa mbili. Unapokaribia mjini, kisiwa cha Unguja chenyewe kinakukinga kwa upande wa mashariki. Lakini kabla ya hapo kuna sehemu ya wazi ambako mawimbi ya bahari kuu yanayotoka kusini-mashariki huingia bila kizuizi. Abiria wanaotapika, wengi hutapika hapo.

Sasa tazama kalenda yako wewe mkulima. Mpunga na mahindi vikishauzwa, ndipo fedha ya safari hupatikana. Shule hufungwa mwezi wa sita. Kwa hiyo msimu ambao familia ya kijijini ina fedha na watoto wako nyumbani ndio huo huo ambao kusi limepamba moto. Hatukosei kusafiri wakati huo, hatuna wakati mwingine. Ila lazima tujue kwamba tunasafiri katika msimu wa upepo.

Namba zile zina maana gani?

Kilomita 40 kwa saa si mwendo wa kutisha kwa mtu aliyezoea bodaboda. Lakini nguvu ya upepo haiongezeki kama mwendo unavyoongezeka. Mwendo wa upepo ukiwa mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Upepo wa kilomita 40 unasukuma boti kwa nguvu mara nne ya ule wa kilomita 20.

Na mawimbi ya mita 2? Urefu wa mawimbi unaotajwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Si kipimo cha wimbi kubwa kuliko yote. Katika bahari hiyo hiyo ya mita 2, wimbi mojamoja linaweza kufika karibu mara mbili ya hapo, yaani karibu mita 4. Hiyo ni juu zaidi ya mlango wa nyumba yako. Nahodha hajiandai kwa ajili ya wimbi la wastani. Anajiandaa kwa lile moja.

TMA hutumia ngazi tatu za onyo, na ni vizuri kuzijua. Angalizo huwa la rangi ya njano. Tahadhari ni rangi ya machungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Kila siku hutoa utabiri wa saa 24, na pia hutoa mwelekeo wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano zijazo. Kwa maneno mengine, ningetazama zile siku tano kabla ya kutoka nyumbani, ningejua.

Nani anasimamisha boti?

TMA haina mamlaka ya kufunga bandari. Kazi yake ni kutabiri na kuonya. Upande wa Bara, usafiri wa majini unadhibitiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Upande wa Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA. Hawa ndio wanaokagua vyombo na kusimamia masharti ya usalama. Kampuni yenye boti nayo inaweza kuahirisha safari yenyewe.

Lakini mwisho wa yote yuko nahodha. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinasema wazi kwamba nahodha asizuiwe na mwenye chombo wala mtu mwingine kuchukua uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama. Tajiri anaweza kulalamika kuhusu mafuta na mapato yaliyopotea. Nahodha akisema havuki, havuki.

Utaratibu huu tumeulipia kwa maisha ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu wengi kupita kiasi, na waliokufa au kutoonekana tena walizidi elfu moja. Kabla hata ya mwaka kupita, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam kwenda Zanzibar, katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Skagit ilijengwa Marekani, na huko ilikuwa ikivusha abiria kwenye maji yaliyokingwa, eneo la Seattle. Ililetwa kwenye bahari ya wazi, ikakutana na kusi. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na miundombinu na mawasiliano, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu.

Wakati Skagit inazama nilikuwa chuoni nikisomea cheti cha utangazaji. Mwalimu alitupa zoezi la kuandika taarifa ile kwa dakika mbili. Niliandika "Julai" bila kujiuliza kwa nini ni Julai. Imenichukua miaka mingi, na begi la kukalia nje ya bandari, kuelewa.

Onyo ambalo halikutokea

Kuna jambo jingine linalofanya watu wadharau maonyo. Mwezi Aprili 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja pwani yetu. Watu wakajiandaa, kimbunga kikapoteza nguvu kabla ya kuleta madhara yaliyohofiwa. Kesho yake vijiweni watu walicheka.

Miaka mitatu baadaye ikaja Hidaya. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kikaingia Mafia. Mvua zake zikakata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara. Na si mara ya kwanza pwani hii kupigwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka 1952 kingine kikapiga Lindi.

Shida ya safari iliyosimamishwa ni kwamba ajali iliyoepukwa haionekani. Hakuna anayeweza kukuonyesha maiti ambazo hazikupatikana. Kinachoonekana ni fedha yako iliyoliwa na siku yako iliyopotea. Ndiyo maana ni rahisi kumlaumu nahodha aliyekataa kuvuka, na ni vigumu kumshukuru.

Gharama inamwangukia nani?

Hapa ndipo kwenye hoja yangu kubwa, msikilizaji. Nakubaliana kabisa na uamuzi wa kutovuka siku ile. Ninachokipinga ni jinsi mzigo wake ulivyogawanywa.

Wakati sisi tumekaa juu ya mabegi, watu wenye uwezo waliita teksi wakaenda uwanja wa ndege. Ndege hutumia kama dakika 20 hivi. Kwao kuahirishwa kwa boti ilikuwa usumbufu wa saa chache. Sisi tulipiga hesabu tofauti. Gesti vyumba viwili, 50,000. Chakula cha watu sita usiku na asubuhi, 38,000. Bajaji kwenda gesti na kurudi, 12,000. Na chumba cha Unguja tulichokuwa tumelipia usiku ule, 60,000, hakikurudishwa. Jumla 160,000. Kwa bei tuliyouzia sisi, hiyo ni zaidi ya gunia moja la mpunga.

Dirishani tuliambiwa tiketi zetu zitatumika siku nyingine. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini nilipouliza lini, hakuna aliyejua. Nilipouliza kwa nini hatukutumiwa ujumbe ilhali namba zetu za simu zimeandikwa kwenye tiketi, dada wa dirishani alinitazama tu, akamwita anayefuata. Simlaumu yeye. Hakuwa na jibu alilopewa.

Ndipo akaja kijana mmoja, mpole, anaongea taratibu. Akamwambia mdogo wangu kuna mashua inaondoka saa 11 jioni ufukweni, nje kidogo ya mji. Elfu 15 kwa mtu mzima, watoto bure. "Tumezoea bahari hii, kaka. Saa chache tu mko Unguja."

Piga hesabu. Watu wazima wanne kwa elfu 15 ni 60,000. Kulala kungetugharimu 160,000. Mtu mwenye gunia moja la mpunga mfukoni anaona nini hapo? Anaona kwamba usalama ni ghali na hatari ni rahisi. Mdogo wangu alishasimama, ameshika begi.

Mama, ambaye ni mwandishi wa kikundi chao cha kuweka na kukopa kijijini, alimuuliza yule kijana swali moja: "Watu mnaowapakia, majina yao mnayaandika wapi?"

Kijana akacheka. "Mama, bahari haina daftari."

Mama akarudi kukaa juu ya begi lake. "Basi sisi tunalala hapa," akasema. "Hata sabuni ya kikundi naiandika, itakuwa wajukuu zangu?"

Swali la Mama ndilo swali lenyewe. Chombo kinachoondoka kwenye bandari bubu siku ambayo boti kubwa zimezuiwa hakivuki kwa sababu kina uwezo zaidi. Kinavuka kwa sababu hakuna anayekikagua. Hakuna orodha ya abiria, hakuna uhakika wa maboya ya kujiokolea, na kikizama hakuna anayejua watafutwe wangapi. Hata kwenye Spice Islander, iliyoondoka bandari rasmi, mabishano makubwa yalikuwa ni idadi ya watu waliokuwemo, kwa sababu waliopanda walizidi sana walioandikwa.

Kwa hiyo hoja yangu kwa wenye mamlaka na wenye makampuni ni hii. Ukimzuia maskini asivuke kisha ukamwacha barabarani bila taarifa, wengine hawatarudi gesti. Watakwenda ufukweni. Zuio linalomwacha abiria alipie peke yake linaokoa waliokuwa wapande boti kubwa, na wakati huo huo linajaza mashua. Ujumbe mfupi wa simu jioni iliyotangulia haugharimu kitu ukilinganisha na hilo. Utaratibu ulioandikwa wazi dirishani, unaoeleza lini utarudishiwa nauli na lini utapewa safari nyingine, haugharimu kitu. Mahali penye kivuli na choo kwa wanaosubiri hapagharimu sana.

Wewe ufanye nini

Kabla ya kutoka nyumbani, sikiliza utabiri wa TMA na hasa ule wa siku tano. Ukisikia "upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2" kwa Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja au Pemba, ujue kwamba safari yako inaweza kuahirishwa. Piga simu kampuni ya boti siku moja kabla, na tena asubuhi kabla hujapanda basi. Kuahirisha ukiwa kijijini ni bure. Kuahirisha ukiwa bandarini ni gunia la mpunga.

Nunua tiketi dirishani au kwa njia rasmi ya kampuni, si kwa vishoka. Hakikisha jina lako liko kama lilivyo kwenye kitambulisho, na namba ya simu ni yako, inayopatikana. Uliza kabla ya kulipa: boti isipovuka, narudishiwa fedha au nabadilishiwa siku? Kama masharti yameandikwa kwenye tiketi, msomee na mzee asiyejua kusoma.

Chumba cha Unguja, kama unaweza, usilipie chote mapema. Waeleze unasafiri kwa boti msimu wa kusi, kisha mkubaliane siku ikisogea itakuwaje. Sisi hatukuuliza, na lawama hiyo ni yetu.

Tenga fedha ya usiku mmoja wa dharura na usiiguse. Kama haipo, ni afadhali kupunguza siku za mapumziko kuliko kukosa pa kulala ukamsikiliza mtu wa mashua.

Boti ikizuiwa, tunza tiketi yako, andika jina la aliyekuhudumia na saa. Ukiona hukutendewa haki, anza kwa kulalamika kwenye kampuni yenyewe kwa maandishi, kisha mdhibiti: TASAC kwa upande wa Bara, ZMA kwa upande wa Zanzibar. Malalamiko ya mdomo nje ya geti huishia nje ya geti.

Tulivuka

Kesho yake upepo ulipungua. Boti ya kwanza ilijaa, tukapata ya pili. Katikati ya njia, pale palipo wazi, ilitikisika kiasi kwamba mdogo wangu, yule aliyekuwa tayari kwa mashua, alijaza mifuko miwili. Hakusema neno hadi tulipofika Malindi.

Mama hakutapika. Alikaa dirishani muda wote ameshika tiketi yake. Tulikuwa na siku mbili badala ya tatu, na jioni ya kwanza aliingia baharini hadi magotini na kanga yake, akaonja maji kwa kidole, akasema kumbe watu hawakuwa wanadanganya, ni chumvi kweli.

Siku hizi nikisoma utabiri wa bahari sisemi tena "wavuvi na watumiaji wa bahari" pekee. Ninaongeza: "na wewe unayejiandaa kusafiri kwenda visiwani." Mara nyingine simu yangu huita kabla hata sijatoka studio. Ni Mama. "Umesema kilomita 40 kesho kutwa," ananiambia. "Mtoto wa jirani anakwenda Pemba. Nimeshamwambia asubiri."